Maji Ngamani mwa Helmi

Inspekta Raakel Tuomikoski alikuwa na asubuhi moja tu mkononi, na asubuhi ya Februari mjini Haapaluoto si kitu cha kumtosha mtu. Jua lenyewe huchelewa kazini kama karani wa ardhi, na likishafika hukaa nyuma ya mawingu likingoja saa ya kurudi nyumbani. Saa nane mchana mahakama ingekaa kuamua kama Tarmo Vehkaperä abaki rumande kwa shitaka la kumwua kaka yake Aulis, na mwendesha mashtaka, Bwana Vesterinen, alikuwa amekwisha kunyoosha tai yake.

Raakel alianzia mahabusu.

Tarmo alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, dereva mstaafu wa magari ya kuondoa theluji. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine vilivyosahauliwa hapo. Jumamosi, yeye ndiye aliyekuta maiti ya Aulis ndani ya mashua yao, na yeye ndiye aliyewapigia polisi simu. Walipofika walimkuta amekalia ndoo chini ya mashua. Akawaambia, "Ni mimi. Andikeni." Kisha akafunga mdomo, na mpaka leo Jumatatu alikuwa hajaufungua ila kwa supu.

Raakel akamsogezea kikombe.

"Kahawa inapoa, Bwana Tarmo."

"Iache ipoe."

"Kaka yako ulimpiga na nini?"

Tarmo akamtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya ng'ombe asiye wake. "Nani kampiga?"

"Ana jeraha kichwani. Na wewe ulisema ni wewe."

"Maji," Tarmo akasema. "Maji yale ni yangu. Kumpiga, sikumpiga."

Raakel alimaliza kikombe chake na nusu ya kile cha Tarmo akiyavuta yaliyobaki, neno moja moja, kama mtu anayefumua fulana kuukuu. Mashua hiyo, Helmi, ya mbao na ya tanga, waliachiwa na baba yao wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo baba mwenye akili hafanyi. Kila vuli ilitolewa baharini, ikasimamishwa juu ya vyuma kwenye uwanja wa chama cha wenye mashua, ikavishwa turubai mpaka barafu ya bahari iyeyuke. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Aulis alishikilia kwamba turubai lifungwe kote, omo mpaka tezi, tone lisipite. Tarmo alishikilia kwamba mashua hupumua kama mtu, na upande wa mbele usipoachwa wazi, mbao huoza kwa jasho lao zenyewe. Wengine huacha kusemezana kwa ajili ya mashamba au wanawake. Hawa waliachana kwa ajili ya upepo, na mwaka wa kumi na moja ulikuwa ukiingia.

"Hata salamu?" Raakel akauliza.

"Tulisalimiana kwa turubai." Tarmo alikizungusha kikombe, hakunywa. "Mimi nikija, nafungua mbele. Yeye akija, anafunga. Nikikuta pamefungwa, najua yuko hai. Akikuta pako wazi, anajua niko hai. Ilitosha."

"Na Jumamosi?"

"Nilifungua Jumanne asubuhi. Jumamosi nikakuta bado wazi."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo angesemea kwamba basi limechelewa. Uso wake haukutikisika. Raakel, ambaye alikuwa amehoji watu waliolia, waliotapika, na mmoja aliyeimba, aliona ni heri wale.

Tarmo akaendelea. Jumanne mvua ilinyesha mchana kutwa, mvua ile ya majira ya baridi inayokuja kwa makosa, ikaingia kwa mbele alipopaacha wazi, ikateremka mpaka ngamani, yaani pale chini kabisa ya tumbo la mashua ambako kila tone huishia. Kwa kawaida hilo si neno. Mashua ikipandishwa nchi kavu, kizibo cha tundu la ngama hutolewa kikatundikwa kwenye usukani, na maji yakiingia hujitokea yenyewe.

"Lakini nilitia soksi," akasema.

"Soksi?"

"Mwaka juzi panya walipanda kwa tundu lile wakala tanga. Nikatia soksi ya sufu. Maji yapite, panya wasipite." Akafikiri kidogo. "Hayakupita."

Hiyo ndiyo hesabu yake yote. Alifungua mbele, aliziba chini, maji yakajaa, Aulis akaja kuyafua kwa ndoo, Aulis akafa. Alikuwa amekwisha kujihukumu. Vesterinen alihitajika kupiga muhuri tu.

Raakel aliposimama, Tarmo akanyanyua mkono mmoja kutoka mezani.

"Barafu ile msiipige nyundo. Mbao zitapasuka. Iyeyusheni taratibu."

Nje, Konstebo Sulo Mäkiranta alikuwa amewasha gari. Sulo alikuwa mtu mnene, baba wa watoto watano, na nyumbani kwake kulikuwa na kelele nyingi kiasi kwamba kazini hakuongeza zake. Njiani Raakel alimweleza mambo yalivyosimama, na Sulo aliitikia kwa pua.

Mkuki wa Vesterinen ulikuwa ngazi. Mashua iliyosimama juu ya vyuma iko juu kama ghorofa ya kwanza. Hupandi wala hushuki bila ngazi. Jumamosi, kama Tarmo alivyosema kwenye simu aliyowapigia polisi, aliikuta ngazi ya Helmi imelazwa chini ya mashua, imefungwa kwa mnyororo kwenye chuma, kufuli limebanwa, akaifungua kwa ufunguo wake. Funguo za kufuli hilo zilikuwa mbili duniani. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa marehemu, huko juu. Wa pili ulikuwa wa Tarmo. Mtu hawezi kujilazia ngazi akiwa juu, kwa hiyo aliyeilaza alikuwa ndugu yake, na mambo yameisha, twendeni tukale.

Raakel alikuwa amemwambia Vesterinen jana kwamba kufuli lile ni la kubonyeza. Kulifungua kunataka ufunguo, lakini kulibana kunataka kidole gumba tu, cha mtu yeyote.

"Basi niletee hicho kidole gumba, Inspekta," Vesterinen akamjibu. "Na kiwe na mtu nyuma yake."

Langoni walipokewa na mkuu wa uwanja, Daktari Kalervo Hietaoja, mwenye chupa ya kahawa chini ya kwapa moja na mfuko wa mikate ya iliki chini ya lingine. Daktari alikuwa wa meno, amestaafu. Nusu ya midomo ya Haapaluoto ilipita chini ya mikono yake, ukiwemo wa Raakel, na hata sasa akizungumza na mtu humtazama meno kwanza, macho baadaye.

"Lile gego la nyuma linaendeleaje?"

"Lilikufa, Daktari."

"Nilikuambia litakufa," akasema kwa upole, akampa mkate.

Wakaingia kati ya mashua. Zilikuwa zimejipanga safu ndefu, kila moja imefunikwa gubigubi kama mgonjwa asiyetaka kuonwa, na pembeni mwa maturubai yalining'inia madumu ya maji yaliyowekwa kuwa uzito, sasa yamekuwa mawe ya barafu. Upepo ulikuwa ukiyapiga maturubai, na mtu alilazimika kusogea karibu ili asikike. Daktari alisimulia jinsi wezi walivyokuja vuli ya mwaka juzi wakaiba injini, wakitumia ngazi za wenyewe, aibu iliyoje. Tangu hapo chama kilikubaliana: ngazi isiyo na mtu ilale na ifungwe. Akiwa bado anasimulia, alifika kwenye mashua moja, akaishika ngazi iliyokuwa imeegemezwa, akailaza, akaibana, akaendelea na wezi wake bila kukata sentensi.

Raakel akamuuliza kama huenda wezi hao walirudi Jumanne wakamkuta Aulis. Alipenda sana iwe hivyo. Mwizi ni mtu rahisi kumwandika. Daktari akatikisa kichwa. Hakuna kilichopotea, hata sifongo.

Walipofika chini ya Helmi, Raakel, kwa mazoea tu ya nyumbani kwao, aligonga ubavu wa mashua mara mbili.

"Hodi."

Daktari akacheka, na hata Sulo akatabasamu.

"Huku hatupigi hodi, Inspekta. Mtu huja huku kuwakimbia wapiga hodi. Mke wangu yuko nyumbani anaongea tangu tuoane. Nikija hapa naweza kupita mbele ya wanaume kumi, wote wako ndani ya maturubai yao, na hakuna anayejua nimepita. Hiyo ndiyo raha yenyewe."

Raakel alitoa ule ufunguo wa marehemu kwenye mfuko wa vielelezo, akafungua kufuli, Sulo akasimamisha ngazi upande wa nyuma. Kufuli likabaki linaning'inia wazi kwenye mnyororo wake.

Ndani, chini ya turubai, mwanga ulikuwa wa kijani kama wa ndani ya chupa. Mbao za sakafu zilikuwa zimeng'olewa na kupangwa vizuri, kubwa chini, ndogo juu. Palikuwa na ndoo iliyojaa barafu nusu, na sifongo iliyogandia humo. Mtu aliyekuja kugombana hapangi mbao. Aulis alikuja kufua maji, alikuwa ameanza, na maji yalikuwa bado maji; kwa hiyo ilikuwa Jumanne hiyo hiyo, kabla ya baridi ya usiku ule iliyoshuka ghafla ikagandisha mji mzima.

Sulo akaonyesha kwa kidole. Kwenye pembe ya chuma ya injini palikuwa na nywele mbili za mvi na damu kidogo. Mbao zimelowa, mzee ameinama na ndoo, mguu umeteleza. Raakel akaliweka jeraha mahali pake. Hospitali walikuwa wamekwisha kusema kwamba pigo lile lilikuwa la kumlaza mtu saa moja au mbili, si la kumwua. Kilichomwua ni baridi.

Kisha ile barafu. Katikati ya ngama palikuwa na shimo lililochongwa Jumamosi ili kuutoa mkono wa marehemu, ulioganda humo mpaka kwenye kiwiko. Vesterinen aliandika kwamba mtu alimshikilia majini. Raakel alilala kifudifudi, akamulika tochi. Chini ya shimo, ndani kabisa ya barafu, kulikuwa na simu, imelala kama nzi ndani ya gundi.

"Alikuwa anaitafuta," akasema.

"Mm," akasema Sulo.

Kilichobaki kilikuwa turubai la nyuma, pale pa kupandia. Lilikuwa na kamba tatu za kulifunga kwa ndani, mtu akitaka mvua isimfuate. Mbili zilikuwa zimefunguliwa. Ya tatu ilikuwa imelegezwa nusu, na fundo lake lilikuwa na alama za meno.

Raakel alilitazama fundo hilo muda mrefu kuliko alivyotaka. Mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hufungua kwa meno. Aulis alizinduka, akataka kushuka. Alitoa kichwa nje kupitia pengo la zile kamba mbili, akatazama chini, akaona kokoto, vyuma, na giza linaingia. Ngazi hakuiona. Alikuwa na miaka sitini na minane, kichwa kimepasuka na nguo zimelowa. Akarudi ndani kutafuta simu.

Basi hapakuwa na pigo, wala mkono uliomzamisha. Palikuwa na ngazi tu. Aliyeilaza ngazi alikuwa kesi nzima, na saa tano ilikuwa imekwisha pita.

Sulo aliteremka kwenda kuchemsha maji kwenye nyumba ya chama, ili watoe simu taratibu kama Tarmo alivyoagiza. Daktari alimpisha kwenye ngazi, akamwelekeza lilipo birika. Raakel naye akashuka, akaingia na Daktari chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, kulitazama tundu kwa nje. Soksi ilikuwepo. Ilikuwa ya kijivu, yenye mstari mwekundu, ngumu kama mfupa. Raakel akaivuta kwa koleo, Daktari akavaa miwani yake akachungulia tunduni kama alivyochungulia watu miaka yake yote.

"Ameziba bila kusafisha," akatoa hukumu. "Sufu ikilowa hujazana. Ikiganda ni zege. Angeweka waya wa kusugulia sufuria. Wote wanajua, lakini hawa wawili ungewaambiaje? Ukimwambia mmoja, mwingine anafanya kinyume."

Raakel akamuuliza tena habari za Jumanne, ingawa alikuwa amekwisha kuulizwa Jumamosi. Daktari hakuchoka. Asubuhi alimwona Tarmo na gari lake, akiwa mbele ya Helmi anafungua turubai. Baada ya hapo hakumwona mtu. Aulis hakuwa na gari, alikuja kwa basi, na mtu wa basi huingia uwanjani kama paka. Kabla ya giza yeye mwenyewe alipita uwanja wote kama kila siku.

"Hukuona kitu?"

"Kingekuwepo kitu kisicho mahali pake, ningekiona," akasema Daktari. Hakukuwa na majivuno katika sauti yake, ilikuwa habari tu.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa umri wake na alikuwa amekunywa kahawa, aliomba ruhusa akaenda msalani. Sulo alirudi na birika wakati huo, akapanda, akavuta turubai nyuma yake kwa sababu theluji ya maji maji ilikuwa imeanza kuanguka. Raakel akamwambia kwamba anaenda kumpigia Vesterinen simu. "Mm," likajibu turubai.

Katika nyumba ya chama palinuka lami na soksi za watu wengi. Raakel alisimama dirishani, simu sikioni. Vesterinen alisikiliza habari za injini na nywele, akasikiliza habari za fundo, na kila mara alisema vizuri sana kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kingine. Mwisho akasema kwamba yote hayo hayabadilishi neno. Mtu alikuwa juu, akiwa hai. Mwingine aliondoa ngazi, akambania huko. Mwingine huyo amekiri.

"Amekiri maji," akasema Raakel.

"Mahakama haitashtaki mvua, Inspekta."

Nje, Daktari Hietaoja alikuwa ametoka msalani. Alipita safu akiwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya theluji, kofia imeziba masikio, mikono nyuma. Alirekebisha kamba moja. Aliinua dumu lililoanguka akalitundika. Alifika kwenye Helmi. Pale palikuwa na ngazi imesimama, na juu turubai limefungwa, kimya.

Hakutazama juu. Hakusita. Aliikamata ngazi kwa mikono miwili, akailaza chini ya mashua kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto, akapitisha mnyororo, akabonyeza kufuli kwa kidole gumba. Kutoka dirishani mlio haukusikika. Akajipangusa viganja, akaenda kwenye mashua iliyofuata.

"Inspekta?" ikasema simu. "Bado upo?"

"Kidole gumba nimekipata," akasema Raakel.

"Cha nani?"

"Usiende mahakamani. Nitakupigia."

Alivaa glavu zake, akafunga vifungo vyote vya koti, kimoja kimoja, hata kile cha juu ambacho hakukifunga kamwe. Kisha akatoka, akamwita Daktari, akamwomba waende pamoja. Daktari alikuja bila kuuliza, akimweleza kwamba theluji hii itageuka mvua tena na watu wafunge maturubai yao. Walisimama chini ya Helmi.

"Sulo," Raakel akaita kuelekea juu.

"Afande."

Daktari akanyanyua uso.

"Unaendeleaje huko?"

"Simu nimeitoa." Turubai likafunuka kidogo, likafungwa. "Ngazi imeondoka."

"Mbona hukuita?"

Turubai likafikiri. "Nilidhani utarudi."

Raakel alimtazama Daktari, na Daktari alikuwa akiitazama ngazi. Alikuwa na uso wa wale watu waliokuwa wakikaa kwenye kiti chake wakingoja sindano ya ganzi ikolee: mdomo wazi kidogo, macho hayatazami kitu.

"Nilijua mmeshuka," akasema. "Nilimwona akienda kuchemsha maji."

"Alirudi."

"Sikumwona akirudi."

"Hapana. Jumanne, Daktari. Ulipopita kabla ya giza, ulilaza ngazi ngapi?"

"Sijui. Nne. Mtu hahesabu. Watu husahau, mimi nalaza." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa ikiwa na maji vile vile. "Nisingewaficha. Mliniuliza kama niliona kitu kisicho cha kawaida."

"Najua. Ya Helmi ilikuwemo?"

Upepo uliyapiga maturubai safu nzima, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, ukarudi. Daktari alianza kusema mara mbili, akaacha. Ya tatu ikatoka.

"Kufuli lilikuwa wazi. Nilisema moyoni, Tarmo amesahau tena. Mbele kaacha wazi, ngazi kaacha imesimama, mtu gani huyu. Nilikasirika kidogo." Akakitazama kidole gumba chake. "Nililibonyeza kwa nguvu."

"Uliita?"

"Kumwita nani?"

Raakel akatazama juu, kwenye turubai.

"Hapana," akasema Daktari. "Hatuiti."

Aliinama ghafla, akashika kufuli kwa mikono miwili, akalivuta, akalizungusha, kama kwamba kulifungua sasa kungefaa kitu. Halikufunguka. Vidole vyake, ambavyo Haapaluoto nzima iliviamini ndani ya vinywa vyao, viliteleza juu ya chuma.

"Ufunguo wake sina," akasema. "Sikuwa nao."

"Ninao mimi."

Raakel akapiga goti karibu naye, akatoa ule ufunguo wa Aulis, akafungua. Wakaisimamisha ngazi wawili. Sulo aliteremka kinyumenyume, polepole, birika mkono mmoja na simu ya marehemu ndani ya mfuko wa nailoni mkono wa pili. Alipofika chini alimtazama Daktari, akamtazama Raakel, akaelewa, na akapata la kufanya: akaondoa theluji mabegani mwa Daktari kwa kiganja, pande zote mbili, kama afanyavyo kwa wanawe kabla hawajaingia ndani.

"Nitashtakiwa?" Daktari akauliza.

"Sijui," akasema Raakel, kwa sababu hakujua. "Lazima uje uandike maelezo. Leo, kabla ya saa nane. Tarmo yuko ndani anakungoja, ingawa hajui kwamba anakungoja wewe."

"Ndiyo. Ndiyo, bila shaka." Akatazama chupa ya kahawa aliyokuwa ameiacha juu ya chuma. "Nyumbani kwangu chakula kitakuwa tayari saa saba."

"Tutampigia mama."

Raakel alimpigia Vesterinen kwanza. Maneno yalikuwa machache, na safari hii upande wa pili hapakuwa na mtu anayesoma kitu kingine. Kisha akapiga mahabusu, akawaambia wampelekee Bwana Tarmo kahawa nyingine, ya moto, na wamwambie barafu haikupigwa nyundo. Mengine angemwambia yeye mwenyewe. Hakujua angeyaambiaje. Mtu ambaye amekwisha kujihukumu, humwachilii kwa karatasi ya mahakama.

Sulo alikuwa amesimama mbele ya Helmi. Theluji ilikuwa imekwisha kugeuka mvua, kama Daktari alivyosema, na ilikuwa ikiingia kwa mbele, kwenye lile pengo ambalo Tarmo aliliacha wazi na ambalo hakuja mtu kulifunga.

"Nifunge, afande?"

Raakel alifikiri. Tundu la chini sasa lilikuwa wazi, na kutoka humo tone la kwanza lilikuwa limekwisha kudondoka kwenye kokoto, na la pili likawa linajikusanya.

"Acha," akasema. "Si turubai letu."

Walianza kuelekea langoni, Sulo mbele, Raakel nyuma, Daktari katikati, bila pingu, mfuko wa mikate mkononi. Walipofika kwenye mashua ya kwanza ya safu, ile aliyoilazia ngazi asubuhi akisimulia wezi, Daktari akasimama. Sulo akageuka. Raakel akamwashiria amwache.

Daktari alivua kofia ili asikie vizuri. Aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena, akagonga ubavu wa mashua kwa vifundo vya vidole.

"Hodi," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayejifunza neno la kigeni. Akangoja na sikio juu. Mvua ilimnyeshea kichwani. Turubai lilipiga mara moja, likatulia. Akasogea kwenye mashua iliyofuata, akagonga, akangoja. Akasogea kwenye iliyofuata.

Safu ilikuwa ndefu. Raakel hakutazama saa.